Jino likiacha kuuma halijapona

KATI ya maradhi yote yanayodharauliwa hapa mjini, hakuna yanayodharauliwa kama yale ya meno. Mtu akishikwa na homa siku mbili atamtafuta daktari. Lakini jino likimuuma wiki mbili atatafuna karafuu, atanunua tembe dukani, kisha ataendelea na kazi. Ni mpaka uso ufure na taya likatae kufunguka ndipo aletwe hospitalini, mara nyingi usiku.

Hapa Mukuru kwa Reuben sababu zinaeleweka. Wakazi wengi ni vibarua katika viwanda vya Industrial Area, na siku usiyofanya kazi huilipwi. Foleni ya daktari wa meno inaweza kula siku nzima, ilhali tembe za kutuliza maumivu huuzwa mojamoja vichochoroni, kuanzia Gateway hadi Kosovo. Simlaumu anayepiga hesabu hiyo. Ninalosema ni kwamba hesabu yenyewe ina kasoro, na kasoro hiyo inatokana na jinsi jino linavyougua.

Kinywani mwa kila mtu mna bakteria. Wanapopata sukari, iwe ya chai, soda, mandazi au peremende, huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo hula gamba gumu la nje la jino. Kinachodhuru zaidi si wingi wa sukari tu, bali ni mara ngapi inaingia kinywani kwa siku. Anayekunywa soda kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni hayapi meno yake nafasi ya kupumua.

Tundu likiwa bado dogo, huenda usihisi chochote. Likizama zaidi, jino hushtuka ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu, kisha hutulia. Bakteria wanapofika kwenye kiini, mahali palipo na neva na mishipa ya damu, maumivu huwa ya kupwita, hasa usiku ukilala. Hapo ndipo watu humaliza tembe.

Kisha ghafla maumivu hukoma. Mgonjwa humshukuru Mungu na kuisifu dawa aliyotumia. Kumbe kilichotokea ni kwamba kiini cha jino kimekufa, na neva iliyokuwa ikilalamika imekufa pamoja nacho. Bakteria hawakwenda popote. Wanateremka kwenye mzizi na kuingia katika mfupa wa taya, ambako hutunga usaha. Wakati mwingine kijipu kidogo hutokea kwenye ufizi, kikapasuka, kikakauka, kikarudi tena.

Ndiyo sababu tembe za maumivu haziponyi jino. Zinanyamazisha kengele tu huku nyumba ikiungua. Zikinywewa ovyo siku nyingi, baadhi yake huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, na nyingine huharibu ini. Antibiotiki nazo, ambazo wengi hununua nusu dozi kwa kemisti, haziwezi kuingia katika kiini kilichokufa kwa sababu damu haifiki huko tena. Uvimbe unaweza kushuka, lakini chanzo kinabaki. Tiba ni kuziba tundu mapema, au kusafisha mzizi, au kung'oa jino lenyewe.

Msomaji, zijue dalili za hatari. Ukiona uvimbe chini ya kidevu au shingoni, ulimi umeinuka, kumeza mate ni taabu, mdomo haufunguki, jicho limefura au una homa kali, usingoje asubuhi. Mwaka wa 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe wa namna hii chini ya ulimi, ambao huweza kuziba njia ya hewa na kuua kwa muda mfupi. Mara nyingi huanzia kwenye gego la chini lililooza. Naam, jino laweza kumuua mtu mzima mwenye nguvu zake.

Kinywa pia hutoa habari za mwili mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 uligundua kwamba karibu watu wazima 98 kati ya 100 nchini Kenya walikuwa na fizi zinazotoka damu. Kwa kawaida chanzo ni uchafu unaoganda kwenye shina la meno. Lakini fizi zinazofura mara kwa mara na meno yanayolegea kabla ya uzee huenda ikawa ni kisukari ambacho hakijagunduliwa. Tena ugonjwa wa fizi hufanya sukari ya mwenye kisukari iwe ngumu kudhibiti. Utando mweupe kinywani mwa mtu mzima waweza kuashiria kinga ya mwili iliyopungua, na ni vyema apimwe virusi vya Ukimwi. Kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili, hasa kwa mvuta sigara au mnywaji pombe, kinahitaji kuchunguzwa kama si saratani. Na maumivu ya taya yanayokuja unapopanda ngazi au kubeba mzigo, kisha yakaisha ukipumzika, huenda yanatoka moyoni, si kwenye jino.

Kwa hivyo ni makosa kuyatenga meno na afya nyingine, kana kwamba kinywa ni cha mtu mwingine. Zahanati nyingi zilizo karibu na mwananchi zinapima presha, zinachanja watoto na kuhudumia waja wazito, lakini hazina kiti cha meno. Maoni yangu ni kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa bila kujenga hospitali mpya. Kenya ina maafisa wa afya ya meno wa jamii waliosomea kazi hiyo. Wapewe siku moja kila wiki katika zahanati za mitaa kama Mukuru, tena ikiwezekana jioni au Jumamosi, kibarua anapokuwa na nafasi. Nao wahudumu wa afya wa jamii, waliokabidhiwa vifaa vya kazi mwaka wa 2023, wafundishwe kumulika kinywa kwa tochi wanapozuru nyumba. Inachukua dakika moja.

Sisi wenyewe tuna wajibu. Piga mswaki mara mbili kwa siku, usiku ukiwa wa lazima, kwa dawa ya meno yenye floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka wa 2021 katika orodha ya dawa muhimu. Tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mtoto asilazwe na chupa ya chai au maziwa yenye sukari mdomoni.

Na jino likianza kushtuka kwa maji baridi, omba ruhusa ya siku hiyo moja. Ni hasara, lakini mgonjwa wa uvimbe wa taya hulazwa siku nyingi bila mshahara. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na tundu la jino ni ufa kama ufa mwingine.