Ngoma Isiyo na Mwenyewe

Yako maneno mawili ambayo watangazaji wetu wa redio na televisheni wameyafanya pazia la kufichia uvivu: "ngoma ya asili". Akisha kuyatamka, mtangazaji hujiona ametimiza wajibu wake. Ngoma yenyewe ni ipi, ya mji gani, wimbo umetungwa na nani, hayo hayamhusu. Nasema kwamba huo si upungufu mdogo wa adabu. Ni dhuluma, nayo katika pwani hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1903, huko Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Humo mna arusi na matanga, ngoma na michezo, sheria na uganga. Mrima mzima umesimama ndani yake. Lakini kitabu kilijulikana ulimwenguni kwa jina la Carl Velten. Mtoro alipotaka kurudi kwao mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani, wenye mamlaka waliwazuia kushuka Dar es Salaam. Akarejea Berlin, akafa huko mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1981 ndiyo iliyoliweka jina lake katika anwani ya kitabu.

Velten alikuwa mtumishi wa dola iliyotawala kwa nguvu; hatukutazamia atufanyie insafu. Je, sisi kwa sisi?

Nalikuwa Bagamoyo siku moja ya tamasha. Kila mwaka wapiga picha huja kutoka mjini, wakapiga magofu ya Kaole na makaburi ya misheni, kisha wakatandaza mlio wa ngoma chini ya sauti ya mtu asiyetoka hapo. Bibi mmoja, manju aliyeheshimiwa mtaani kwake, aliimba mbele ya vyombo vyao karibu saa nzima. Jioni tulikaa barazani kusikiliza. Wimbo wake ulitoka, umekatwa katikati ya ubeti, na mtangazaji akaanza kusema juu yake. Bibi akaniuliza, "Mwanangu, jina wamelitaja?" Nikamjibu kwamba hawakulitaja. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama angalau wameutaja mtaa. Sikuwa na jibu la kumpa.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa hivyo na msomi mmoja: ngoma ni mali ya watu wote, haina mtunzi, na kutafuta mwenyewe ni kuleta ubinafsi wa kigeni. Hoja hii inapendeza masikioni, lakini haijui desturi yetu. Watunzi wa tenzi za pwani walizoea kuyataja majina yao mwishoni mwa kazi zao, na aghalabu mwaka pia. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, vita vya Abushiri na Bwana Heri vilivyoiwasha pwani tangu Pangani na Saadani hata Bagamoyo. Utenzi huo ulikuwa habari na hukumu juu ya mambo ya siku zile, nao wajulikana kwa mwaka wake, 1307 wa Hijra, na kwa mtungaji wake. Basi aliyesema kwamba sisi hatukujali jina ni nani?

Tena tutazame ng'ambo ya maji, Unguja. Mwaka 1928 Siti binti Saad alipelekwa Bombay kuimba katika sahani za santuri. Kampuni ile ilitafuta faida wala haikutafuta thawabu, na nchi ilikuwa chini ya Waingereza. Hata hivyo sahani ziliuzwa kwa jina la Siti, na kwa jina hilo sauti yake ikafika mrima na bara. Yale yaliyowezekana kwa mfanyabiashara wa zama za ukoloni yanashindikanaje kwa shirika la taifa huru?

Wala tusisingizie ukosefu wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja sanaa za jadi na ulinzi wake. Wala si ukosefu wa wajuzi: Bagamoyo kina chuo cha sanaa tangu 1981, kinachoitwa TaSUBa tangu 2007, na mwalimu yeyote wa ngoma pale angeulizwa angejibu.

Kumtaja manju, mtaa wake na jina la ngoma huchukua pumzi moja ya msemaji. Katika muda huo huo husomwa jina la mfadhili wa kipindi, mara mbili, wala sijapata kusikia likisahauliwa. Nawaomba wanafunzi wanaokwenda mrima na vinasa sauti kwa ajili ya tasnifu zao wajichunguze pia, maana nimesoma tasnifu ambamo bibi kama yule ameandikwa "mtoa habari namba 7".