SANGARA HUENDA ULAYA, MIFUPA HUBAKI KWETU



Wengi hudhani kuwa mtu hula samaki kwa sababu anakaa karibu na maji. Mimi nasema sivyo. Alaye samaki ni yule mwenye fedha ya kumnunua, hata akikaa mbali na ziwa. Ushahidi uko hapa hapa Mwanza.

Sangara si wa asili katika Ziwa Viktoria. Alitiwa humo tangu miaka ya 1950, akaongezeka mno na kuwala samaki wetu wadogo. Katika miaka ya 1990 viwanda vilizidi, na minofu yake ikapelekwa Ulaya. Bondo lake huuzwa China na Hong Kong, nalo lina bei kubwa kupita nyama yenyewe. Maskini huachiwa kichwa na mfupa wa mgongo, yaani mapanki.

Je, biashara hiyo ni mbaya? La, hasha! Imewapa watu kazi na kusomesha watoto wengi. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili, kwa kuwa wavuvi wengine walivua kwa sumu, bei ilianguka mwaloni na wavuvi wakapata taabu kubwa. Neno lililosemwa Ulaya liligeuza mambo ya jikoni mwetu.

Sasa dagaa nao wamo safarini. Wengi huuzwa Kongo, na wengine husagwa kuwa chakula cha kuku. Tukinyamaza, nao watatutoka kama sangara alivyotutoka.

Shauri langu ni hili. Shule za serikali zenye mabweni kandokando ya ziwa zipatane na wavuvi, mwanzoni mwa kila muhula, juu ya bei na kiasi cha dagaa wa kila juma. Fedha yetu si nyingi, lakini mvuvi humpenda mnunuzi asiyekosa kuja. Wako wenzangu wanaokunja uso wakisema dagaa ni chakula cha kimaskini. Nawauliza: maharage ya siku sita mfululizo ni chakula cha matajiri?

Nawaomba wazazi walizungumze jambo hili katika mkutano wao ujao, na walimu wetu wapenzi wasilipuuze.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne