Kifaru ana askari, ningu ana sufuria

Juzi niliposti klipu ya mto Kuja ukiwa umefura, maji ya kahawia yanabeba magogo, na karibu komenti zote zilikuwa moja: "tabianchi hiyo." Sawa. Lakini kuna mmoja aliuliza swali ambalo bado linanisumbua: "Bado kuna ningu huko?"

Kama una miaka kama yangu, pengine hujawahi kumla. Ningu ni samaki wa hapa kwetu kabisa, wa Ziwa Victoria na mito yake. Si mgeni kama mbuta, ambaye aliletwa ziwani karne iliyopita. Chwiri ikianza na mto ukipanda, ningu anatoka ziwani, anapanda Kuja na Migori, anataga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ya mafuriko. Watoto wanakulia hapo kisha wanashuka. Maisha yake yote yanafuata saa ya mvua.

Na hiyo saa imeharibika. Dani wangu huko Nyatike alikuwa anajua wiki ya kupanda mahindi bila kuuliza mtu. Siku hizi anakaa mlangoni akiangalia mawingu kama mtu anayesubiri matatu imejaa. Mvua inachelewa, halafu inamwagika yote kwa siku mbili na kukatika. Mahindi unaweza kupanda tena ukipata mbegu. Ningu akishataga na maji yashuke haraka, mayai yanabaki kwa tope na mchezo umeisha.

Mpaka hapo niko na nyinyi. Lakini manze, ningu hakuanza kupotea juzi. Kufikia miaka ya 1950 tayari alikuwa anapungua, na sababu kubwa ilikuwa nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito, zikimshika kabla hajataga. Mvua mbovu imemkuta akiwa tayari amepigwa. Kwa hivyo nikisikia kiongozi amesimama kwa mkutano akisema "ni tabianchi" halafu anaketi, nakasirika. Tabianchi haitegi nyavu. Tabianchi haimwagi zebaki ya kuosha dhahabu karibu na mto pia.

Leo IUCN inamweka ningu kwenye kundi moja na kifaru mweusi, lile la viumbe walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kundi moja! Kifaru wa Ruma, hapo Homa Bay, ana ua na askari mwenye bunduki. Ningu ana sufuria.

Nilimpelekea hiyo hoja mjomba wangu, mvuvi. Akacheka. "Nikitoa wavu wangu, jirani atamshika. Na karo utalipa wewe?" Hapo alinimaliza, juu mimi mwenyewe niliacha chuo kwa sababu ya hiyo karo. Siwezi kumwita mtu adui wa mazingira wakati watoto wake wanataka kula.

Lakini omena tayari tunaifungia msimu, Aprili hadi Julai, na bichi hazijafa. Watu hulalamika, wanapita. Ningu hata hahitaji miezi minne, ila kalenda haiwezi kumsaidia, kwa sababu mvua yenyewe haifuati kalenda tena. Funga midomo ya mito pale maji yanapoanza kupanda, wiki tatu hivi, iwe Machi iwe Mei. BMU za pale zinaona mto kila asubuhi, hazihitaji kungoja barua kutoka Nairobi. Na kaunti zote mbili, Migori na Homa Bay, ziwape hao wavuvi kitu cha kushikilia hizo wiki. Pesa za mabango na fulana za siku ya mazingira huwa zinapatikana, si ndio?

Nilirudi kwa mjomba na hiyo. Alinyamaza sana, akasema atatoa wavu kama jirani atatoa. Jirani naye ameniambia nimpate Jumapili baada ya kanisa. Naenda bila kamera.