Tusiziache Njia za Kale za Ndege

Muhula huu limetolewa shauri katika Klabu yetu ya Jiografia kwamba, Jumamosi jioni tunapotumia kompyuta kuigiza urushaji wa ndege, tuache njia za East African Airways, na badala yake tupeleke ndege mpya London na Dubai. Wenye shauri hilo wanasema shirika lililokufa mwaka 1977 halimfai kitu mtu anayetaka kuwa rubani. Mimi nalipinga, na naomba wenzangu wanisikilize kabla ya kura kupigwa.

Kwanza niwaeleze wasomaji wasio wanachama. Programu tunayotumia huitwa FlightGear, nayo hupatikana bure. Ndani yake mna dunia nzima, pamoja na milima na maziwa yake, tena mna Dakota, yaani DC-3, ndege ya injini mbili ambayo shirika hilo liliitumia miaka mingi. Shirika lilianza safari mwaka 1946, likiwa chini ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Dakota zake zilipita pwani, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, zikitua na kuruka kama basi la shamba.

Wasemao kwamba njia hizi ni rahisi wajaribu ile ya Dar es Salaam kwenda Nairobi. Chukua rula upige mstari ulionyooka katika ramani: utaona unapita mashariki ya kilele cha Mawenzi, kwa umbali usiozidi kilomita 30. Mawenzi ina mita 5,149. Dakota haikushindiliwa hewa ndani kama ndege za abiria za sasa, basi haikufaa kuwapandisha abiria juu kiasi hicho. Ilibidi ipite kando ya mlima. Sasa fikiri upepo wa ubavuni wa maili 15 kwa saa, na rubani asiutie katika hesabu. Baada ya saa moja ametoka njiani maili 15, sawa na kilomita 24. Kukiwa na mawingu, mlima hauonekani. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya shirika hilo, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro, wakafa watu wote 20 waliokuwamo. Sisemi kwamba chanzo kilikuwa upepo. Nasema kwamba mwanafunzi aliyeipita njia hiyo kwa dira, saa na ramani hatauliza tena hesabu za pembe zina kazi gani. Katika ndege mpya mtu huandika jina la uwanja, setilaiti zikamwongoza, naye akakaa akila karanga (ambazo zimekatazwa katika chumba kile).

Hata hivyo wako wanaozifuata njia hizi ovyo. Juzi mwenzetu mmoja alidai yuko mwaka 1963, akatua Uwanja wa Kilimanjaro. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1971! Mwingine alitua Embakasi mwaka 1955, na Embakasi ilifunguliwa 1958, angekwenda Eastleigh. Programu huonyesha viwanja vya leo. Kuvitafuta vya zamani ni kazi yetu, na kazi hiyo ndiyo historia yenyewe.

Nimesikia pia kwamba shirika lilikuwa la wakoloni. Lilianza hivyo, sikatai. Lakini baada ya uhuru lilikuwa mali ya nchi tatu, na mwaka 1966 likaanza kurusha Super VC10 mpaka Ulaya. Hilo nalo tulisahau?

Waliopanda Dakota hizo sasa ni wazee sana. Likizo hii kila mwanachama awaulize babu na bibi zake, na majirani. Mwenye tiketi ya zamani au ratiba ya safari nyumbani ailete muhula ujao. Tutainakili na kumrudishia mwenyewe.