Kabla ya kiwanja, tafuta mwalimu

Mkulima akishauza mahindi na kutaka kiwanja pembezoni mwa mji, mara nyingi mshauri wake wa kwanza ni dalali. Hapo ndipo hasara huanzia. Dalali hulipwa kiwanja kikiuzwa, hata kama kina mgogoro.

Mwalimu anayefaa ni mtu aliyekwishanunua, akajenga na kupangisha, na asiye na fungu katika mauzo hayo. Huyo anajua kuwa, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi.

Kumfuata siku mbili tatu ni nafuu kuliko miaka ya kesi kwenye baraza la ardhi.