Kiti cha bodi mpeni mwalimu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, na kuna wasomaji wawili watatu wanaonidai ile sehemu ya pili ya kufufua kompyuta kuukuu kwa Linux. Itakuja. Leo hakuna msimbo. Leo nina hasira, na dawa ya hasira yangu ni kuandika.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Nyamira mjini, nimeketi kwenye kibanda cha chai nikisubiri matatu ya Keroka, simu ikalia. Alikuwa katibu wa shirika moja lisilo la faida, linalopeleka kompyuta na vifaa vya maabara katika shule za sekondari huku kwetu. Jina silitaji, na wewe ukilijua usilitaje.

"Kijana," akaniambia, "tumesikia una digrii ya kompyuta. Mwenyekiti angependa uingie kwenye bodi. Tunahitaji sura changa."

Sikilizeni hilo neno. Sura. Hakusema kichwa.

Nikauliza kazi yenyewe ni ipi. "Hakuna kazi nyingi. Mikutano miwili kwa mwaka, hotelini Nairobi. Nauli ipo, chakula kipo, na picha yako itawekwa kwenye tovuti."

Nikisema sikufurahi nitakuwa nadanganya. Sijafikisha hata miaka thelathini, naitwa mjumbe wa bodi! Nilishaanza kufikiria nitakavyomwambia mama. Lakini sisi tunaounda programu tuna tabia moja mbaya: hatuamini maelezo ya mfumo mpaka tuuone ukifanya kazi. Kwa hiyo kabla ya kujibu nikapanda boda boda hadi shule moja ya kutwa upande wa Ekerenyo, mojawapo ya zile ambazo shirika limezisaidia.

Mwalimu wa fizikia alinipokea vizuri. Ni mtu mzima, amefundisha tangu mimi sijazaliwa. Ilibidi tumtafute naibu wa mwalimu mkuu kwanza, maana ufunguo wa chumba cha kompyuta anao yeye. Ndani mlikuwa na kompyuta ishirini na tano, zote zimefunikwa vitambaa vilivyofumwa kama makochi ya sebuleni. Tukaziwasha. Zilizowaka ni tisa.

"Ni nini kilichotokea, Mwalimu?"

"Radi, mwanangu. Wewe si mtoto wa hapa? Huijui mvua ya saa tisa?"

Naijua. Kila aliyelelewa Gusii anaijua. Asubuhi jua, mchana mawingu, alasiri mvua na ngurumo, na stima inarukaruka kama mbuzi. Mwalimu akafungua droo akanionyesha nakala ya barua. Alikuwa ameiandikia bodi ya shirika, kwa adabu zote, baada ya kompyuta za kwanza kuungua. Aliomba vitu viwili: kikinga radi juu ya paa, na mtu wa kukagua nyaya za chumba. Mwishoni aliandika kwamba kompyuta zaidi hazihitajiki kwa sasa.

Unajua bodi ilijibu nini? Ilileta kompyuta kumi zaidi! Pamoja na kibao cha ukumbusho chenye majina ya wajumbe wote, kimepigiliwa ukutani pale pale ambapo waya wa kikinga radi ungepita.

Kuna na seva ya masomo pia. Inawaka vizuri, lakini nywila yake anayo fundi mmoja aliye Nairobi, ambaye siku hizi hapokei simu. Masomo yaliyomo ni ya mtaala wa zamani. Na hapo kumbuka kwamba mwaka 2026 ndio mwaka ambao wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10, na mojawapo ya mikondo mitatu wanayochagua ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mtoto wa Ekerenyo anaambiwa achague sayansi, na maabara yake ina vitambaa vizuri tu.

Sasa, wasomaji wangu, msifikiri nawaita wajumbe wale wezi. Sina ushahidi wa wizi hata wa shilingi moja, na nadhani ni watu wazuri. Kuna wakili, kuna daktari, kuna meneja wa benki aliyestaafu, na kuna mwenyekiti ambaye ndiye mwanzilishi, tangu siku ya kwanza hadi leo. Kosa lao ni dogo na ni kubwa: hakuna hata mmoja kati yao anayeingia darasani siku ya Jumatatu. Barua ya radi ilisomwa na watu ambao hawajawahi kumaliza kipindi gizani.

Wenzangu wa programu watanielewa haraka. Msimbo wangu siruhusiwi kuupitisha mwenyewe. Lazima mwenzangu aukague. Na baada ya hapo tunampa mtumiaji wa kawaida aujaribu, kwa sababu yeye ndiye ataukuta mdudu ambao sisi hatukuuona. Bodi ndiyo mkaguzi wa shirika. Ikiwa mwanzilishi ndiye mwenyekiti, anakagua kazi yake mwenyewe. Na ikiwa mtumiaji hayupo mezani, wadudu wote wanapita.

Haya si mambo ya Nyamira peke yake. Wakongwe wa mtandao wanakumbuka ule mradi wa One Laptop per Child, ile kompyuta ndogo ya kijani ya dola 100 ambayo Nicholas Negroponte aliitangaza mwaka 2005. Lilikuwa shirika lisilo la faida, la elimu, na mezani kwenye bodi yake waliketi wawakilishi wa kampuni zilizotoa fedha: AMD, Google, Red Hat, News Corporation na nyingine. Julai 2007 Intel nayo ikapewa kiti, ilhali Intel ilikuwa ikiuza kompyuta yake ya shule, Classmate, kwa serikali zile zile. Ikaishia wapi? Januari 2008 Intel ikaondoka kwa ugomvi. Mshindani ameketi kwenye bodi ya mshindani wake, miezi sita, na mtoto wa shule hayumo katika ugomvi huo hata kidogo. Mteja mkubwa wa mradi alikuwa Peru, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kutoka shule 319 za vijijini huko haukuona ushahidi kwamba kompyuta hizo ziliinua alama za hisabati wala lugha. Mashine zilifika. Mwalimu hakuandaliwa vya kutosha.

Na hapa Nairobi? Chuo cha Sayansi cha Afrika, ambacho Thomas Odhiambo na wenzake walikianzisha mwaka 1985, kilikuwa na programu kubwa ya ruzuku za utafiti iliyoanza mwaka 2015. Mwaka 2021, katikati ya mzozo kuhusu usimamizi wake wa ndani, wafadhili wakubwa wakaihamishia programu hiyo kwenye wakfu mpya, Science for Africa. Hao ni wanasayansi mashuhuri, si wachezaji. Usomi wa wajumbe haukuwa kinga. Bodi si orodha ya heshima, ni kazi.

Sasa najua utaniambia nini. Utasema: "Wee, bodi inahitaji watu wenye uwezo wa kutafuta pesa. Mwalimu wa kijijini ataijulia wapi bajeti?"

Nitakujibu kwa majani chai. Katika viwanda vya chai vya wakulima wadogo, kama Kebirigo na Nyansiongo hapa kwetu, wakulima ndio wanaochagua wakurugenzi. Mama anayechuma chai tangu alfajiri, akabeba kikapu hadi kituo cha kununulia, anayo kura. Ikija bonasi ndogo, huyo mkurugenzi hatalala vizuri. Je, viwanda vyetu havina matatizo? Yapo tele, na kelele zake mnazisikia. Lakini angalau mkulima anajua amshike nani shati. Mwalimu wa fizikia pale Ekerenyo angemshika nani? Ameandika barua, amejibiwa kwa kibao.

Tena sheria yenyewe imetuonyesha njia. Soma Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 56, kinachounda bodi ya usimamizi ya shule. Watu sita huchaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii. Mfadhili ana viti vitatu. Walimu wa shule humchagua mwenzao mmoja. Hata baraza la wanafunzi lina mwakilishi anayehudhuria! Kwa hiyo bodi inayoamua rangi ya lango la shule ina mwalimu na mwanafunzi, na bodi inayoamua mtoto atajifunza sayansi kwa kifaa gani haina hata mmoja wao. Mimi naona hilo ni kichekesho, ila sicheki.

Na ile Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024? Ni nzuri, inadai hesabu na taarifa. Lakini shirika linaweza kuwasilisha hesabu safi kabisa za kompyuta kumi zilizoungua. Risiti haijui radi.

Pesa pia si jibu la kila kitu. Mwaka 2019 Mkenya mwenzetu Peter Tabichi alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Shule aliyokuwa akifundisha, Keriko kule Nakuru, ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti ya kubahatisha, na wanafunzi wake bado walitamba katika maonyesho ya sayansi. Kompyuta moja yenye mwalimu ndani yake inazishinda ishirini na tano zilizofunikwa vitambaa. Hili bodi ingelijua kama ingekuwa na mwalimu wa kuiambia.

Basi ninachodai ni hiki. Wakili abaki. Mtu wa benki abaki, tena nambusu mkono, maana mtu wa kusoma hesabu lazima awepo. Mwanzilishi ashukuriwe, kisha kiti cha mwenyekiti kiende kwa mtu anayeweza kumwambia hapana. Kila mjumbe awe na kipindi chenye mwisho. Na viti viwili viwe vya walimu wanaofundisha sasa hivi, si waliostaafu, wachaguliwe na walimu wa shule zinazosaidiwa, walipiwe nauli, na mikutano ifanyike siku ya Jumamosi. Mmoja wa mikutano hiyo ufanyike ndani ya chumba cha kompyuta, saa tisa alasiri, mwezi wa Aprili. Wajumbe wasikilize wenyewe mvua inavyosema.

Nilimpigia katibu nikamweleza haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wewe kijana una maswali mengi." Nikamwambia, "Mzee, si bodi ndiyo kazi yake kuuliza?"

Juzi nimetuma barua rasmi. Nimewashukuru, nimewaambia kiti sikitaki, na nimeandika jina la mwalimu wa fizikia na namba yake, kwa idhini yake. Niliposoma barua hiyo kwa mama, aliuliza swali moja: "Na picha kwenye tovuti?" Nikamwambia imekwenda. Akacheka, akarudi kwenye mboga zake.

Jibu halijafika. Lakini Jumamosi hii narudi Ekerenyo na fundi wa stima, rafiki yangu tuliyesoma naye, tukakague zile nyaya. Waya wa kikinga radi tutaupitisha pale penye kibao. Kibao tutakihamisha pole pole, kwa heshima, tukipigilie nyuma ya mlango.

Tukutane wiki ijayo. Na ndiyo, sehemu ya pili ya Linux inakuja.