Tusisubiri tarehe 22
Shule zikishafungwa Desemba, Dar es Salaam nzima inakumbuka kwao. Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500; kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni kutapika mara mbili na “tumefika?” kuanzia Chalinze. Lakini wazazi tunangoja tarehe 22, mabasi yamejaa, kisha tunampakata hata wa darasa la pili ili tuokoe nauli. Kwani watoto walikuwa wanafanya nini wiki mbili zote hizo, zaidi ya kumaliza sukari? Mwenye ruhusa kazini awahi. Bibi hatafukuza wajukuu. Mimi nimeshakata tiketi: tarehe 8, viti vinne, dirishani kwa anayetapika.